Mwanangu amefungwa miaka mitatu Uingereza: atatoka lini, na je, atafukuzwa nchini?

*"Mimi ni mama wa Kitanzania, mzaliwa wa Tanga, naishi Uingereza. Mwanangu wa kwanza ana miaka 24, nilimleta hapa akiwa na miaka sita. Mwezi huu Crown Court imemfunga kwa kuuza heroini na kokeini ya mawe. Alikiri tangu siku ya kwanza. Nilimsikia jaji akisema miaka mitatu, kisha tena miaka mitatu, nikajua ni sita, nikaishiwa nguvu. Kabla ya hapo alikaa mahabusu miezi mitano. Watu wananiambia tusithubutu kukata rufaa, ataongezewa. Wengine wananituliza kwamba hawezi kufukuzwa kwa kuwa ana kibali cha kudumu na Tanzania imo Jumuiya ya Madola. Lakini huko gerezani amepewa barua ya Home Office. Uraia wa hapa hatukuchukua, sikutaka tupoteze wa Tanzania. Ana mwenzake Mwingereza na binti wa miaka miwili. Alikuwa akituma pesa Tanga za kumalizia nyumba ya bibi yake, na wakili alisema mahakama itarudi kwenye mambo ya pesa. Nyumba itachukuliwa? Nibadilishe hati? Kuna kaka mmoja anataka pauni 900 aijibu hiyo barua. Na mdogo wake aliyezaliwa hapa, naye yumo hatarini?"*

Pole sana, mama. Umesimama peke yako kwenye ukumbi wa mahakama, lugha si yako, na kila uliyemuuliza baadaye amekupa jibu lake. Nitaanza na hesabu ya kifungo kwa sababu naona ndiyo inayokukosesha usingizi. Ila nikuambie mapema: katika yote uliyoandika, lenye haraka kuliko yote ni ile barua ya Home Office, wizara ya mambo ya ndani inayoshughulikia uhamiaji. Kifungo kimeshaamuliwa. Barua bado inasubiri jibu, na ina tarehe yake ya mwisho.

Mwanao hakufungwa miaka sita. Alishtakiwa kwa makosa mawili, moja la heroini na jingine la kokeini ya mawe (crack), na sheria inamtaka jaji atamke adhabu ya kila kosa. Ndiyo maana ulisikia "miaka mitatu" mara mbili. Kilichokupita ni maneno yaliyofuata, kwamba vifungo hivyo vitakwenda sambamba. Vinaanza siku moja na kuisha siku moja. Jumla ni miaka mitatu, yaani miezi 36. Kama bado una wasiwasi, mwulize wakili wake swali moja tu: "vinakwenda sambamba au kimoja baada ya kingine?" Atakujibu papo hapo.

Miaka hiyo mitatu haikutoka hewani. Majaji wa Uingereza na Wales hufuata miongozo inayotolewa na Baraza la Adhabu, na kwa kosa hili mwongozo uko wazi sana. Anayeuza moja kwa moja kwa watumiaji mitaani huwekwa kundi la tatu, hata akikamatwa na kete chache. Ndani ya kundi hilo jaji huangalia mshtakiwa alikuwa nani katika biashara: kiongozi, mtu wa kati, au mtu wa chini kabisa anayetumwa tu. Mtu wa kati huanzia miaka minne na nusu, na jaji anaweza kushuka hadi mitatu na nusu au kupanda hadi saba. Wa chini kabisa huanzia mitatu. Hapo jaji hupima yanayoongeza uzito na yanayopunguza: umri, rekodi ya nyuma, mtoto mdogo nyumbani. Mwisho kabisa huja punguzo la kukiri kosa. Anayekiri kwenye hatua ya kwanza hupunguziwa theluthi moja. Akichelewa, punguzo halizidi robo, na siku ya kuanza kesi hubaki sehemu moja ya kumi. Chukua miezi 54, ondoa theluthi, unabaki na 36. Inaelekea sana kwamba jaji alipita njia hiyo hiyo, na kule kukiri mapema kulimwokolea mwanao mwaka mmoja na nusu.

Najua kwa mama hesabu hii inasikika kavu. Lakini wewe ni mtu wa pwani, umewaona mateja Tanga na unajua unga unavyofanya katika nyumba za watu. Sheria ya Uingereza inamtaka jaji afikirie mambo matano kwa pamoja: kuadhibu, kupunguza uhalifu, kumrekebisha mkosaji, kulinda umma, na kufidia walioumizwa. Kwa heroini, kulinda umma huwa na uzito mkubwa sana, na hata kijana mwenye sifa nzuri mara nyingi hawezi kukwepa jela.

Je, atakaa ndani miaka yote mitatu? Hapana. Kifungo cha namna hii hugawanyika sehemu mbili: moja hutumikiwa gerezani, nyingine uraiani chini ya masharti. Kwa miaka mingi mpaka ulikuwa nusu kwa nusu. Kuanzia tarehe 10 Septemba 2024, kwa sababu magereza yalikuwa yamejaa, wafungwa wengi wenye vifungo vya kawaida walianza kutoka baada ya asilimia 40. Makosa ya ngono, ugaidi, ukatili wa nyumbani, na ukatili wenye kifungo cha miaka minne au zaidi yalitengwa. Kuuza dawa za kulevya hakukutengwa. Asilimia 40 ya miezi 36 ni miezi 14 na siku kadhaa. Miezi mitano ya mahabusu huhesabiwa yenyewe, wala jaji hahitaji kuitaja. Kwa hesabu hiyo imebaki kama miezi tisa. Hata hivyo Septemba 2025 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kubadilisha tena mpango mzima wa kutoka, kwa hiyo usishike hesabu yangu wala ya jirani. Shika karatasi ambayo gereza humpa kila mfungwa baada ya kukokotoa tarehe zake. Mwambie akusomee kwenye simu: tarehe ya kutoka kwa masharti, na tarehe ya mwisho wa kifungo chote. Zote mbili ni muhimu, kwa sababu baina yake atakuwa chini ya ofisa wa probesheni, anayemsimamia akiwa uraiani, na akivunja masharti anaweza kurudishwa ndani.

Nisingependa ujenge matumaini kwenye tarehe hiyo peke yake. Kwa mfungwa ambaye Home Office inataka kumfukuza, siku ya kutoka inaweza kufika na lango lisifunguliwe. Anashikiliwa kwa mamlaka ya uhamiaji, wakati mwingine katika gereza lilelile, wakati mwingine katika kituo cha uhamiaji. Wafungwa wengine wanaotolewa mapema wakiwa na bangili ya elektroniki mguuni, yeye kwa kawaida hatakuwa miongoni mwao. Ikifika hapo anaweza kuomba dhamana kwenye mahakama ya uhamiaji, na kitu cha kwanza kitakachoulizwa ni ataishi wapi na nani atamsimamia. Wewe ni jibu la swali hilo. Shirika la hisani la Bail for Immigration Detainees husaidia watu katika hali hii bila malipo.

Sasa rufaa. Waliokutisha wamechanganya mambo. Ukikata rufaa kutoka Crown Court kwenda Mahakama ya Rufani kuhusu adhabu, majaji hawana mamlaka ya kumpa adhabu kali kuliko aliyokuwa nayo. Uvumi huu huenda unatokana na mahakama za mahakimu, ambako mtu akikata rufaa kwenda Crown Court anaweza kweli kuongezewa. Unaweza pia kutokana na ule utaratibu mwingine ambao mtu yeyote, ndani ya siku 28, anaweza kumwomba Mwanasheria Mkuu wa Serikali aipeleke adhabu anayoiona nyepesi mno ikaangaliwe upya. Hilo halitegemei kama nyinyi mmekata rufaa au hamkukata, na kwa adhabu iliyokaa ndani ya mwongozo sioni mtu akifanikiwa nalo.

Kuna hatari moja ya kweli. Mahakama ya Rufani inaweza kuamuru kwamba sehemu ya muda aliokaa akisubiri rufaa isihesabiwe katika kifungo, hasa pale jaji mmoja ameshasoma makaratasi na kusema hakuna hoja, kisha mfungwa akang'ang'ania kupeleka ombi mbele.

Muda wa kuomba ruhusa ya rufaa ni siku 28 tangu siku ya adhabu, hivyo msikae. Lakini je, mkate? Ushauri wangu wa wazi, kwa uliyonieleza, ni kwamba rufaa hii haina mguu. Majaji wa rufaa hawaulizi kama wao wangetoa kidogo zaidi. Wanauliza kama adhabu imezidi kwa dhahiri, au kama jaji alikosea msingi. Miaka mitatu kwa mauzo ya mtaani ya aina mbili za dawa, baada ya punguzo lote, haijazidi. Hoja ingekuwepo kama jaji alimweka daraja la mtu wa kati wakati ushahidi ulionyesha kwamba wakubwa walimtumia na kumtishia. Kama kuna kitu cha namna hiyo, cha vitisho, deni la kulazimishwa, au wauzaji kuhamia chumbani kwake kwa nguvu, kiseme sasa, kwa sababu kinagusa pia kesi ya uhamiaji. Yule wakili aliyemtetea kwa msaada wa kisheria anapaswa kumpa ushauri wa maandishi kuhusu rufaa bila malipo ya ziada. Uombeni.

Na hata rufaa ikifanikiwa, tuseme ikashuka hadi miaka miwili na nusu, haitabadilisha lolote mbele ya Home Office. Mistari inayohesabiwa huko ni miwili, miezi 12 na miaka minne. Mwanao ameshauvuka wa kwanza na hajaufikia wa pili. Miezi sita hapa na pale haimsogezi upande wowote. Ndiyo maana, kama familia ina akiba kidogo ya kulipa wakili, nisingeimaliza kwenye rufaa ya adhabu.

Tuje kwenye barua. Sheria ya mipaka ya Uingereza ya mwaka 2007 inasema kwamba mtu asiye raia wa Uingereza akifungwa angalau miezi 12 kwa kosa moja, Waziri wa Mambo ya Ndani lazima atoe amri ya kumfukuza, isipokuwa mtu huyo aangukie kwenye mojawapo ya vizuizi vilivyotajwa. Neno ni "lazima". Kibali cha kudumu hakimkingi. Amri ikitoka, kibali nacho kinakufa. Na Jumuiya ya Madola inamlinda tu yule ambaye tayari alikuwa anaishi Uingereza tarehe 1 Januari 1973, na hata yeye kwa masharti. Kijana aliyekuja miaka mingi baadaye hayumo. Waliokuambia hivyo walikutakia mema, lakini mtu akiamini maneno hayo huiacha barua juu ya meza, na siku za kujibu zinapita.

Kuhusu uraia, sitakulaumu. Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na nimewaona Watanzania wengi hapa waliokaa na kibali miaka na miaka kwa sababu hiyo hiyo, kwa kupenda kwao. Kwa sasa mwanao hawezi kuuomba. Kifungo cha urefu huu humfanya akataliwe kwa kigezo cha mwenendo mwema, kwa hiyo msitupe ada huko.

Barua aliyopewa, kama ni ya kwanza, kwa kawaida haijaamua kitu. Inasema Home Office inakusudia kumfukuza na inamtaka aeleze kwa nini asifukuzwe. Tarehe ya mwisho imo ndani, na huhesabiwa kwa siku, si miezi. Akijibu, watatoa uamuzi. Wakikataa hoja zake za haki za binadamu, kwa kawaida anakata rufaa kwenye mahakama ya uhamiaji ndani ya siku 14 akiwa bado Uingereza. Asipojibu, wataamua kwa walichonacho, na walichonacho ni kosa lake tu.

Kwa aliyefungwa chini ya miaka minne, kuna milango miwili mikubwa ya haki ya maisha binafsi na ya familia.

Mlango wa kwanza ni maisha yake mwenyewe. Anatakiwa athibitishe mambo matatu yote: kwamba ameishi Uingereza kihalali sehemu kubwa ya maisha yake, kwamba amejijenga katika jamii ya hapa, na kwamba kungekuwa na vizuizi vikubwa sana vya yeye kuanza maisha Tanzania. La kwanza linaonekana zuri, miaka 18 kati ya 24, mradi vibali vilifuatana bila pengo. Tafuta pasipoti zote za zamani na barua za vibali, hata zilizochanika. La pili Home Office hulipinga kwa kusema muuza unga hajajijenga na jamii. Mahakama hazikubali kwamba kosa moja linafuta shule ya msingi, sekondari, marafiki na kazi za utotoni hadi utu uzima, lakini zinataka kuona karatasi: ripoti za shule, barua ya mwalimu, ya kocha, ya mwajiri.

La tatu ndilo gumu, na hapa nitasema ambalo huenda hupendi. Kiswahili mnachozungumza nyumbani kitatumika dhidi yake. Zile likizo za Tanga, bibi aliye hai, nyumba inayojengwa, vyote vitaorodheshwa kuonyesha kwamba ana pa kufikia. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba swali ni kama mtu ataweza kuwa mwenyeji wa kutosha katika nchi ile: kuielewa jamii inavyokwenda, kushiriki, kujenga uhusiano ndani ya muda wa kawaida. Kujua lugha si jibu lote. Kijana anayeelewa "njoo ule" na "zima taa" lakini hawezi kuandika barua ya kuomba kazi kwa Kiswahili, hajawahi kufanya kazi Tanzania, hana mtandao wa watu wa rika lake, ana hoja. Yaelezeni hayo jinsi yalivyo. Msidanganye kwamba hajui Kiswahili kabisa. Simu za gerezani hurekodiwa, na uongo mmoja ukigundulika, jaji hatawaamini tena hata mnaposema kweli.

Mlango wa pili ni mwenzake na mtoto. Mtoto akiwa raia wa Uingereza, au awe ameishi hapa miaka saba mfululizo, sheria inauliza kama kumfukuza baba kungekuwa kukali kupita kiasi kwa mtoto. Swali huulizwa mara mbili: ingekuwaje kama mtoto angemfuata baba Tanzania, na ingekuwaje kama angebaki hapa bila baba. Lazima jibu liwe "kukali kupita kiasi" katika hali zote mbili. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba kipimo hiki ni cha juu, zaidi ya usumbufu au ugumu tu, lakini ikakataza kumlinganisha mtoto na mtoto wa kufikirika wa kawaida. Anatazamwa huyu mtoto, na maisha yake haya. Kwa hiyo machozi ya mama yake hayatoshi. Kinachohitajika ni ushahidi: nani alimpeleka kitalu, nani aliamka usiku, daktari anasema nini kama ana tatizo la afya au la kuchelewa kuongea, anabadilikaje tangu baba aondoke, anamtembelea gerezani au la. Ripoti ya ofisa ustawi wa jamii wa kujitegemea mara nyingi ndiyo inayobeba kesi hizi. Mfungwa aliyehukumiwa ana haki ya angalau matembezi mawili ya saa moja kila wiki nne. Mpelekeni mtoto. Ni vyema kwake, na pia huacha kumbukumbu.

Sikuahidi ushindi, mama. Wapo wanaoshinda kwenye rufaa hizi na wapo wanaopanda ndege. Lakini mtu aliyekuja na miaka sita, mwenye mtoto raia, na kifungo chini ya miaka minne, ana kesi ya kupigania, na nimesikitika kila nilipoona kesi kama hiyo ikipotea kwa sababu hakuna aliyejibu.

Mwambie mwanao mambo mawili kwenye simu ijayo. Kusaini kwamba amepokea barua si tatizo. Lakini kuna karatasi nyingine, ya kukubali kurudi kwa hiari na kuacha haki ya rufaa, wakati mwingine ikiambatana na fedha kidogo za kuanzia maisha na ahadi ya kutoka gerezani mapema. Gereza linachosha, na vijana huisaini wakitaka tu kuona jua. Asiiguse kabla hajaongea na wakili. Jambo la pili, ajiandikishe kwenye kozi za gerezani, hasa za dawa za kulevya, na atunze kila cheti. Jaji wa uhamiaji atataka kujua hatari ya kurudia kosa, na atasoma tathmini ya probesheni pamoja na maneno ya jaji aliyemfunga. Maneno hayo ya jaji yaombeni kwa maandishi kutoka mahakamani. Yakiwa mazuri ("kijana, hii ni mara yako ya kwanza, umetumiwa na wakubwa"), ni dhahabu. Yakiwa mabaya, bora wakili ayajue mapema.

Yule kaka wa pauni 900, usimlipe kabla hujamkagua. Uingereza ni kosa la jinai mtu kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa. Lazima awe wakili aliye chini ya chombo cha mawakili, au mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, ambayo hadi Januari 2025 ilijulikana kama OISC. Daftari lao liko wazi kwenye intaneti. Andika jina lake uone. Kama hayumo, hata awe mtu wa dua na wa nyumbani, mkatalie kwa upole. Nimesoma majibu ya namna hiyo: kurasa nne za "naomba mnihurumie" na hakuna hata ripoti moja ya shule. Msaada wa kisheria wa serikali kwa kawaida haugharamii kesi za kufukuzwa zinazoegemea familia, lakini kuna ombi la ufadhili wa kipekee kwa kesi zenye uzito, na mawakili wa uhamiaji wanajua namna ya kuliandika. Muulize wakili mnayempata: "je, umeomba ufadhili huo kwa wateja wengine?"

Kuhusu nyumba ya Tanga. Biashara ya dawa za kulevya hufungua sheria kali ya mwaka 2002 kuhusu mali itokanayo na uhalifu. Mahakama inatakiwa kudhania kwamba fedha zote zilizopita mikononi mwake katika miaka sita kabla ya mashtaka zilitokana na uhalifu, mpaka yeye aonyeshe sivyo. Zile pesa alizotuma za mabati na fundi zimo, na zawadi alizotoa katika kipindi hicho zinaweza kuhesabiwa kama bado ni zake. Kinachotoka mwisho ni amri dhidi yake ya kulipa kiasi fulani cha pauni. Mahakama ya Uingereza haitumi mtu Tanga kesho kubandika karatasi mlangoni, ingawa Uingereza inaweza kuomba ushirikiano wa Tanzania. Shinikizo lenyewe liko huku: asipolipa kwa wakati, huongezewa kifungo, hadi miezi sita kwa deni lisilozidi pauni 10,000 na hadi miaka mitano linapozidi hapo mpaka pauni 500,000. Na akikitumikia, deni haliondoki.

Usibadilishe hati. Nasisitiza, mama. Kuhamisha mali sasa ili isionekane kunaweza kukuingiza wewe mwenyewe kwenye mashtaka ya kuficha mali ya uhalifu, na mahakama itaihesabu vilevile. Kama alikuwa na kazi ya halali, njia yenu ni risiti: karatasi za mishahara, taarifa za benki, na kumbukumbu za kutuma pesa, mwezi kwa mwezi. Mwezi aliolipwa pauni 1,400 na kutuma 150 unajieleza wenyewe. Mwezi ambao hakuwa na mshahara na alituma 800 hautaelezeka, na ni bora wakili wake wa jinai ausikie kwenu. Mahakama itampa tarehe za kujaza taarifa za mali, asizipuuze. Ukiona pia madai ya pauni 228, hiyo si faini ya ziada. Ni tozo ya mfuko wa waathirika ambayo hutozwa kila anayefungwa zaidi ya miezi 24.

Akibaki Uingereza, hatia hii haitamfuata kila mahali milele. Kwa kifungo kilichozidi mwaka mmoja na kisichozidi minne, huacha kutajwa kwa waajiri wa kawaida miaka minne baada ya kifungo chote kuisha. Lakini kwa kazi za kulea wazee, watoto au wagonjwa, ambazo ndizo riziki ya wengi wetu hapa, itaonekana kwenye ukaguzi daima, na mwajiri ndiye ataamua. Heri aanze mapema ufundi ambao hauhitaji ukaguzi huo.

Na huyu mdogo. Mtoto aliyezaliwa Uingereza wakati mzazi wake mmoja tayari ana kibali cha kudumu ni raia wa Uingereza tangu siku aliyozaliwa, bila kuomba. Angalia tarehe ya kibali chako na tarehe ya cheti chake cha kuzaliwa. Kama kibali kilitangulia, ni raia, na unaweza kumwombea pasipoti kwa nyaraka hizo mbili. Kama kibali kilikuja baadaye, ana haki ya kusajiliwa kuwa raia akiwa bado hajafika miaka 18, na nakuomba uanze kulifuatilia wiki hii, kwa wakili yuleyule utakayempelekea barua ya kaka yake.